Sajini Aliyedhani Anapunguziwa

Ninyi mnaopewa kadi ya mkopo hata kabla kiti cha kazini hakijapata joto, hebu nipeni sikio kidogo. Sitaki kuwatisha. Kadi si nyoka. Nimefanya kazi na kadi miaka mingi hapa Kampala, na nimewaona watu wakianzisha duka kwa kadi na wengine wakisomeshea watoto. Nimewaona pia watu wenye mishahara mizuri wakilipa kila mwezi bila kukosa, na deni linanenepa tu kama mgeni aliyekaribishwa sikukuu. Walikosa kujua mambo machache ambayo hakuna karani wa dirisha la malipo aliyeajiriwa ili awaambie. Mimi nitawaambia bure. Nimestaafu, nakaa Lubaga, na hakuna meneja wa kunikunjia uso.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, upande wa Kenya. Nilivuka mpaka kuingia Uganda vita vilipokwisha, Kampala ikiwa inajikung'uta vumbi na maduka yakitafuta watu wa kushika hesabu. Nilianzia duka la mabati Nakawa. Baadaye kampuni moja ya kadi ilifungua ofisi mjini, ikajikuta na shida ambayo haikuitarajia. Wateja wake wengi walikuwa polisi, askari, Wakenya kama mimi na wafanyabiashara wa Kongo, na lugha iliyowakutanisha wote hao ilikuwa Kiswahili. Wafanyakazi wa ofisini karibu wote walikuwa Waganda. Kiswahili walikisikia zamani kwenye vizuizi vya askari barabarani kikiwadai vitambulisho, na hawakuwa na hamu ya kukisikia tena. Basi nikaajiriwa mimi, nikawekwa pembeni karibu na dirisha la malipo, na juu ya meza yangu kikasimamishwa kibao: KISWAHILI. Kila mtu aliyekasirika kwa Kiswahili aliletwa kwangu.

Mkuu wangu katika kitengo cha madeni alikuwa Bwana Kizza. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata simu ikikatika. Kiswahili alijifunza kwa ajili ya wateja, na herufi mbili zilimsumbua kama zinavyosumbua Waganda wengi: mara kwa mara palipo na r aliweka l, na palipo na l aliweka r.

"Nyabo," aliniambia wiki yangu ya kwanza, yaani bibie kwa Kiganda, "liba si adui mkubwa. Adui ni talehe."

Nilimwambia, "Ssebo," yaani bwana, "riba."

"Ndiyo. Liba."

Sikumsahihisha tena, maana alichokuwa anakisema kilikuwa na thamani kuliko matamshi. Ndiye aliyenieleza safari ya pesa ya mteja kwa namna ambayo mpaka leo sijapata iliyo bora. Alisema, "Shiringi yako ikiingia kwetu, inakuta foleni ya chakula. Mbele kabisa amesimama adhabu ya kuchelewa. Anajaza sahani. Nyuma yake bima. Anajaza. Halafu liba, huyo ana sahani kubwa. Deni lenyewe, lile uliloliletea chakula, limekaa kule mlangoni linangoja makombo. Kama hakuna makombo, mwezi ujao litakuwa pale pale."

Kariri picha hiyo, mwanangu. Kila unapolipa, jiulize: katika foleni yangu wamesimama akina nani, na nani kati yao hakualikwa?

Upande wa pili wa ofisi alikaa Bwana Tumwine, mkuu wa mauzo. Alitoka Ankole, kwa wafugaji, na mambo yote duniani aliyapima kwa ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya, na nikiumwa alikuwa wa kwanza kuniletea matunda. Lakini katika mikutano ya Jumatatu alikuwa akisema wazi kwamba mteja anayelipa deni lake lote kila mwezi ni ng'ombe mkavu. "Anakula nyasi zetu, hatoi maziwa," alisema. "Nileteeni wanaolipa kidogo kidogo. Hao ndio wa kukamuliwa asubuhi na jioni."

Wenzangu walicheka. Mimi niliweka maneno hayo moyoni. Kama kampuni inakununia ukilipa yote na kukutabasamia ukilipa kidogo, basi tabasamu hilo lisikupumbaze.

Sasa nije kwa Sajini Okot wa polisi, maana yeye ndiye aliyenifunza kwamba neno moja tu linaweza kumla mtu mshahara.

Mke wake ndiye aliyetangulia kuja. Watu walimwita Mama Aciro. Asubuhi moja alisimama mbele ya kibao changu na futi ya fundi bado imening'inia shingoni, nyuzi za rangi ya bluu zimemganda kwenye mikono ya blauzi. Alikuwa na kibanda cha ushonaji soko la Nakawa.

"Madamu," alisema, "nataka kuuliza kitu moja tu. Cherehani mbili na ovaloki moja ya kufunga pindo, nikiuza, deni ya bwana yangu itakufa?"

Nilimkaribisha akae. Hakukaa.

"Umepata mnunuzi?"

"Iko. Anakuja Jumamosi na pikapu."

"Na wewe baada ya hapo utashona na nini?"

"Hiyo ndiyo inaniuma. Shule ziko karibu kufungua. Nimepokea oda ya yunifomu ya shule mbili. Bila mashine nitashona na meno?"

Akanieleza. Mtu wa kampuni yetu alikuwa amempigia mumewe simu kazini, mkuu wake akasikia. Sajini mwenyewe alikuwa anakana. Anasema hana deni, anasema kampuni inamheshimu sana. Mama Aciro aliona karatasi za kila mwezi nyumbani, akaona tarakimu za chini zinaongezeka, akakata shauri peke yake. Zile mashine zilinunuliwa kwa kadi hiyo. Basi ziondoke na kadi.

Nilitazama deni kwenye kompyuta, nikaona kwamba hata angeuza mashine zote tatu kwa bei nzuri ya soko, deni lisingeisha. Angebaki bila mashine na bado na deni. Nilimwambia jambo moja: "Usiuze chochote kabla hujaja hapa na afande. Njooni kesho, mje na karatasi zote."

Walikuja. Okot alikuwa Mwacholi wa kaskazini, mkubwa wa mwili, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia chini ya kwapa. Aliniamkia kwa heshima, akaanza.

"Dada, hii ni makosa ya kompyuta. Mimi sijakosa kulipa hata mara moja. Kila mwezi mshahara ikiingia nakuja hapa kwa dirisha. Ule msichana ananiuliza, 'Afande, unalipa yote ama unapunguza?' Mimi namwambia, punguza. Ananipunguzia, nalipa, nasema asante, naenda."

"Anakupunguzia?"

"Sana. Deni kubwa hivi ananishushia mpaka pesa kidogo. Hata kule kambini nimewaambia wenzangu, hii kampuni inajua kuheshimu polisi."

Mke wake alimgeukia polepole. "Wewe nyanya tu sokoni unashindwa kupunguziwa. Halafu watu wa tai ndiyo watakupunguzia?"

"Mama Aciro, hii ni mambo ya ofisi."

"Ndiyo. Na ofisi inataka mashine yangu."

Mnaona lilipokuwa kosa? Dirishani kwetu, "kupunguza" lilikuwa neno la makarani. Maana yake ni kulipa kile kiwango cha chini kabisa ambacho kampuni inakubali mwezi huo ili isikuhesabu kuwa umekaidi. Lakini mtu wa Kampala analijua neno hilo kutoka sokoni. Ukimwambia muuza viatu "punguza", naye akashusha bei, ukilipa ile ya chini mmemalizana. Kilichopunguzwa kimekwenda zake, hakuna atakayekidai. Sajini alikuwa ametoka mwezi baada ya mwezi akiamini amemalizana na kampuni, na kwamba kila alichonunua tena kwa kadi kilikuwa kitu kipya ambacho nacho atapunguziwa.

Nilimuuliza, "Afande, ukinunua koti pale Nakawa, wakikupunguzia, zile pesa zilizopungua nani anazilipa?"

"Hakuna. Imeisha."

"Hapa haijaisha. Ulicholipa ni kidogo, na chote kilichobaki kimekaa kinazaa riba."

Okot aliiweka kofia mezani, na nilijua jambo hilo limemfika, kwa sababu polisi hawaweki kofia mezani ovyo. Mke wake alikuwa na maneno mengi mdomoni, niliyaona, lakini aliyameza. Alivuta kiti karibu na cha mumewe, akasema, "Basi madamu, tufundishe."

Nilitandaza karatasi. Ninawaeleza ninyi kama nilivyowaeleza wao, msichoke.

Kila mwezi pesa kidogo ilikatwa kwa jina la bima ya kadi. Nikamuuliza kama aliiomba. "Bima ya nini? Mimi siendeshi gari," alisema. Hakuiomba. Iliingizwa ndani ya fomu siku alipochukua kadi, na aliyeleta fomu hakuitaja. Huyo ni mgeni wa kwanza asiyealikwa katika foleni yake ya chakula.

Mara mbili kampuni ilikuwa imempandishia kikomo cha kukopa bila yeye kuomba, na kumwandikia barua ya pongezi. "Niliona 'umepandishwa,'" alisema, "nikafikiri hata kwa kazi wamesikia."

"Ndiyo alinunua friji," mkewe aliongeza. "Tukasherehekea cheo ya kadi na soda baridi."

Palikuwa na pesa taslimu aliyotoa kwenye mashine ya benki ya kutolea pesa ili aende kuzika kwao Gulu. Sikumlaumu kwa hilo, mazishi hayangoji. Nilimwonyesha tu kwamba ukinunua kitu dukani kwa kadi, kampuni inakupa siku za kupumua kabla ya riba, ikiwa hukuwa na deni la nyuma. Ukitoa pesa taslimu, hakuna pumzi. Riba huanza siku hiyo hiyo, na ada juu yake. Ikikulazimu kutoa, hiyo ndiyo iwe ya kwanza kurudishwa.

Mwisho tukafika kwa adui wa Bwana Kizza, talehe. Sajini alipochukua kadi, siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa baada ya mshahara wa polisi. Baadaye kampuni iliisogeza nyuma, ikawa kabla ya mshahara. Tangazo lilichapishwa chini kabisa ya karatasi ya mwezi, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo fundi mwenye macho ya kutunga sindano ndiye angeziona. Kwa hiyo huyu bwana aliyekuja kulipa siku ile ile ya mshahara, kwa kiatu kinachong'aa, alikuwa anahesabiwa amechelewa kila mwezi. Kila mwezi adhabu. Na adhabu, kama mnavyokumbuka, ndiyo ya kwanza kujaza sahani.

"Kwa hiyo mimi nakimbia mbio," Okot alisema, "na wao wanasogeza kamba ya kumalizia."

"Ndivyo."

"Basi silipi hata senti."

Hapo nilimshika, na nawashika ninyi pia. Watu wengi wakigundua wameonewa wanaacha kulipa kabisa, na hapo ndipo wanapoipa kampuni haki ambayo haikuwa nayo. Nilimwambia, "Mashine ulinunua. Friji ulinunua. Pesa ya Gulu ulichukua. Hayo ni yako, tutayalipa. Bima hukuomba, na adhabu zimetokana na tarehe iliyosogezwa. Hayo tutayakataa. Tusiyachanganye, maana ukiyachanganya hata lile la haki hutasikilizwa."

Tulikaa kuyatenganisha mpaka Mama Aciro akaniomba kalamu afanye mwenyewe. Fundi anajua kutenganisha kitambaa na bitana.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Pikapu ilikuwa inakuja Jumamosi.

Nilikwenda kwa Bwana Kizza na jambo lote. Alisikiliza, akakuna kidevu. "Huyu mmoja tu ndiye alielewa hivyo?"

"Sijui, ssebo. Tusimame karibu na dirisha tusikilize."

Yeye alifanya zaidi. Kesho yake alimwita Tumwine, akamwambia kuna kitu cha mauzo anataka akione, na sisi watatu tukasimama nyuma ya karani wa dirishani kama watu wanaosubiri chai. Tumwine alikuwa anatazama saa.

Alikuja mfanyabiashara wa vitenge, Mkongo mnene mwenye manukato yaliyomtangulia. Karani akamuuliza kama kawaida, unalipa yote au unapunguza. Akasema anapunguza. Karani akamtajia kiwango.

"Ah, mama, bado iko juu. Punguza tena kidogo."

"Papa, hiyo ndiyo ya mwisho."

"Mimi ni mukiliya, muteja wa siku mingi. Toa hata elfu mbili."

Karani, aliyezoea, alitabasamu tu. Mkongo akalipa huku analalamika kwamba ofisi hii ina roho ngumu. Nyuma yake alikuwa Mkenya mwenzangu, mwalimu wa shule ya watu binafsi. Naye alipotajiwa kiwango chake alisema, "Mwezi uliopita ulinipunguzia vizuri kuliko leo. Kwani nimekukosea wapi?"

Tumwine aliacha kutazama saa. "Wanadhani ni bei," alisema.

"Wote wanadhani ni bei," alisema Kizza.

Tulirudi ndani. Tumwine alijitetea kidogo, ilikuwa kazi yake. Alisema mteja ni mtu mzima, na kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi ya mwezi. Kizza akamjibu kwa ile sauti yake ya chini: "Imeandikwa Kiingereza. Dirishani tunawaambia Kiswahili. Mmoja wao akitufikisha kwa wanaosimamia mabenki, wataisoma karatasi yetu au watamuuliza kalani wetu alisema nini?"

Tumwine akasema jambo ambalo kwa mtu wa ng'ombe lilikuwa kubwa. "Ng'ombe akishajua anakamuliwa damu, atapiga teke ndoo. Na ndoo ni yetu." Akaomba barua ya malalamiko ya Sajini, akaipeleka yeye mwenyewe juu kwa wakubwa.

Barua ile Okot alikuwa ameiandika mezani kwangu siku ile ya Jumatano, fupi. Mimi nilimwambia aweke vitu vitatu tu: kilichotokea, anachokataa na sababu, na anachoomba. Asitukane, asilie, asiandike historia ya ukoo. Kisha nilimwambia apigiwe muhuri kwenye nakala yake na aitunze. Hata leo, ukilalamika kwa simu, muombe unayezungumza naye jina lake na namba ya malalamiko, uandike. Lalamiko lisilo na alama ni upepo.

Ijumaa mchana jibu likaja. Adhabu zote zilizotozwa tangu tarehe iliposogezwa zilirudishwa. Bima ikafutwa, na pesa zake zikarudishwa kupunguza deni, kupunguza kwa maana ya kweli. Tarehe ya kulipa ikawekwa baada ya mshahara. Riba ya miaka yote hawakuigusa, na pesa ya Gulu ilibaki. Lakini nilipopiga hesabu upya, deni lilikuwa limeshuka mpaka mahali ambapo mshahara mmoja na kibanda kimoja cha yunifomu vingeweza kulibeba.

Nilimpigia simu Mama Aciro kwenye kibanda cha simu cha jirani yake sokoni. Nilimsomea tarakimu. Nikasikia soko lote nyuma yake, halafu akasema, "Madamu, rudia." Nikarudia.

Jumamosi mnunuzi alifika na pikapu na vijana wa kubeba. Mimi sikuwepo, lakini Mama Aciro alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naiona. Yule bwana alipoambiwa mashine haziuzwi tena alipiga kelele, akasema amechoma mafuta bure. Mama Aciro akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Hiyo suruali imekukaa vibaya kwa kiuno." Akatoa futi shingoni. Mtu aliyekuja kuchukua mashine aliondoka ameacha vipimo vya suruali mbili na malipo ya kutangulia.

Baada ya hapo ikawa kazi ya uvumilivu, na hapa ndipo ninapotaka msikilize kuliko kwingine kote.

Kwanza kadi. Niliwashauri waiweke mahali pagumu kufikika. Mama Aciro aliishona ndani ya bitana ya koti kuukuu la mumewe. "Akitaka kuitumia afumue," alisema, "na mshono yangu mimi naijua." Okot alinung'unika kwamba sajini mzima anapekuliwa koti kila Jumapili. Lakini hakufumua.

Pili kiasi. Kiwango cha chini kina ujanja wake: deni likishuka, nacho kinashuka. Ukikifuata, kinakwenda polepole makusudi, kama mtu anayekusindikiza lakini hataki ufike. Basi tulipanga kiasi kimoja wanachokiweza, kikubwa kuliko kiwango, na wakakishikilia hicho hicho hata kiwango kiliposhuka. Karani alikuwa akimwambia, "Afande, mwezi huu unaweza kulipa chini ya hapo." Yeye anajibu, "Sitaki kupandishwa cheo tena."

Tatu siku. Wengi hungoja siku ya mwisho, kana kwamba deni ni mtihani usiotakiwa kumalizwa mapema. Riba inahesabiwa kwa kila siku. Okot alilipa siku ya mshahara kabla mshahara haujazoea mfuko. Na pesa za yunifomu zilipoingia katikati ya mwezi, Mama Aciro alipanda mwenyewe mjini kuongeza kidogo. Alipoulizwa kwa nini anasumbuka na mwezi haujafika, alisema, "Riba hailali, kwa nini mimi nilale?"

Kampuni nayo ilibadilika. Kizza aliwakalisha makarani wote, akawakataza lile neno. Kuanzia hapo walisema "kiwango cha chini", na baada ya kupokea pesa walitakiwa kumtajia mteja kwa sauti kiasi cha deni kilichobaki. Wiki ya kwanza palikuwa na makelele ambayo sijawahi kuyasikia. Watu walikuwa wanasikia baki yao kwa mara ya kwanza. Yule Mkongo wa vitenge alishika kifua, akakaa kwenye benchi, nikampelekea maji. Lakini mwezi uliofuata alikuja na bahasha nene, akalipa zaidi ya nusu. Biashara alikuwa nayo, ni taarifa tu aliyokosa.

Siku Sajini Okot alipomaliza nilikuwa mezani kwangu. Walikuja wote wawili, mkewe amevaa gomesi mpya, lile vazi la heshima la Kiganda. Karani akapokea, akapiga hesabu kwenye mashine yake, akasema, "Baki, sifuri."

"Sema tena," alisema Okot.

"Sifuri, afande."

"Hawa watu wa nyuma hawajasikia."

"Sifuri."

Foleni nzima ikapiga makofi, hata wasiojua ni kwa nini. Okot akasimama wima, akampigia karani saluti ya gwaride, akageuka akanipigia na mimi. Alianza kuwahutubia waliokuwa kwenye foleni, sauti ya uwanjani kabisa, juu ya bima na tarehe na pesa za kwenye mashine. Mama Aciro akamvuta mkono. "Sauti ndiyo sasa upunguze, twende. Watoto wa shule wananingoja."

Baadaye nilisikia kwamba kule kambini alikuwa akiwaketisha polisi wapya siku ya mshahara wao wa kwanza na kuwaeleza hayo yote kabla hawajaenda kunywa. Tumwine alimtumia barua ya kumpandishia kikomo. Okot aliirudisha na neno moja juu yake: HAPANA. Tumwine alinionyesha, akacheka mpaka akavua miwani. "Huyo sasa amekauka kabisa," alisema, na nilisikia heshima ndani yake.

Siku hizi dirisha limekuwa simu. Hakuna karani wa kukuuliza chochote, kuna kitufe. Nimeziangalia simu za wapwa wangu. Kitufe cha kulipa kidogo ni kikubwa, kina rangi ya kupendeza, kiko pale kidole kinapoangukia. Cha kulipa yote kimejificha chini, kijivu. Bima bado inaingia kwa alama ya tiki uliyowekewa tayari. Pongezi za kupandishiwa kikomo zinakuja na vikatuni vya maua. Na mikopo ya simu nayo imejifunza lugha hiyo hiyo. Waliotengeneza hawajawahi kumwona Tumwine, lakini wangeelewana naye mara moja. Ninyi mna bahati kuliko Okot kwa jambo moja: taarifa yote iko mkononi mwenu saa yoyote, na mnaisoma lugha iliyoandikwa.

Kwa hiyo siku mshahara wako utakapoingia, kabla hujanunua kitu, fungua taarifa ya kadi yako. Pita juu ya mstari wa kiwango cha chini bila kusimama, tafuta mstari wa deni lote. Lipa hilo. Ukishindwa, lipa kiasi kikubwa zaidi ulichojipangia, kisha uliza, "Nimebaki na deni la kiasi gani?" Usiondoke, wala usifunge simu, mpaka ujibiwe.